Upande wa Pili wa Karatasi ya Kura

Tressler, Ohio
Novemba 9

Mpendwa mdogo wangu Noreen,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya kwetu. Natumaini u mzima, goti limepona, na jua la huko Arizona halijakukausha kama ile nyama ya kulungu aliyokuwa akiianika Baba. Mimi sijambo. Mgongo unauma asubuhi na kuacha mchana, paka wako amenenepa hadi aibu, na mti wa tufaha wa Mama umezaa mwaka huu mpaka majirani wananikwepa nisiwape pai nyingine.

Najua unataka niende moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, maana subira hukuwahi kuwa nayo tangu una miaka sita. Basi, imepita. Ile kodi ya majengo ya kulipia polisi na zimamoto imepita Jumanne, kura 1,611 za ndiyo kwa 1,190 za hapana. Kituo cha Pili cha zimamoto kitafunguliwa tena mwezi wa Machi, na polisi wa zamu ya usiku watakuwa wawili badala ya yule mmoja anayezunguka peke yake. Mkuu wa Zimamoto, Bwana Ferris, ameniambia kwa kinywa chake kwamba barua ya kwanza ya kumrudisha mtu kazini itakuwa yako. Alisema ndoano ya koti lako bado ina jina lako, hakuna aliyethubutu kulibandua. Ninajivunia mji huu, Noreen. Baada ya mambo ya mwaka jana sikudhani ningeiandika sentensi hiyo.

Mwaka jana unaukumbuka kuliko mimi. Kura zilikuwa sare, 1,402 kwa 1,402, na sheria ni kwamba sare ni kushindwa. Januari wakatia kufuli Kituo cha Pili, ukapakia vitu vyako kwenye pikapu, nami nikasimama barazani nikijifanya natafuta funguo ili usinione machozi. Ulipoondoka nilikuwa na hasira na kila mwenye nyumba Tressler, na zaidi na Dwight Ruppert, jirani yangu wa mkono wa kushoto. Unamjua Dwight alivyo, hata kinyozi akimkata nywele yeye anataka kumkata bei. Kila uwanja wa mtaa wetu ulikuwa na kibango chetu chekundu cha kuiunga mkono kodi isipokuwa wake. Nikamwita mkono wa birika mbele ya watu dukani, nikamwambia kura yake ndiyo iliyomfukuza dada yangu. Alichukua mkate wake akaenda, na tangu siku hiyo hatukusemeshana.

Nilikuandikia kwamba Aprili karakana yake iliungua, ila sikukueleza yote. Kutoka Kituo cha Pili hadi kwetu ni dakika tatu, nawe umeikimbia njia hiyo mara nyingi. Lakini Kituo cha Pili kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo gari lilitoka cha Kwanza, na kwenye kivuko cha reli likakuta treni ya mizigo imesimama. Tulisikia king'ora kikilia ng'ambo ya mabehewa kwa dakika kumi na moja bila kusogea. Dwight alikuwa na mpira wa kumwagilia bustani, mimi nikauvuta wangu kupita uzio, tukasimama bega kwa bega tukilowesha ukuta wa nyumba yake. Nyumba ilipona. Karakana iliteketea, pamoja na ule mtumbwi wa mbao aliokuwa akimchongea binti yake kwa miaka miwili. Nilirudi ndani nikashindwa kula siku nzima.

Kamati ya kodi ilipoanza tena kiangazi, nilikwenda kujiandikisha siku ya kwanza. Walikuwa wamepata takwimu kutoka ofisi ya uchaguzi. Mwaka jana karatasi ya kura ilikuwa ndefu, mahakimu na bodi ya shule na sijui nini, na swali letu liliwekwa nyuma, chini kabisa. Watu thelathini na saba waliacha upande wa nyuma mtupu. Walipaka vile viduara vya mbele, wakaingiza karatasi kwenye mashine, wakaenda zao. Kwa hiyo safari hii kazi yetu ilikuwa kushawishi na pia kuwakumbusha watu wageuze.

Nikawaambia wanipe mji mzima. Nimegawa barua hapa miaka thelathini na moja, naujua mlango upi unabishwa na upi unaitwa kwa dirisha la jikoni. Nilitembea Agosti hadi Jumatatu iliyopita, nikamaliza jozi mbili za viatu. Bi Thelma Hoke alinikalisha, akaniuliza kama kodi ikipita wale vijana wa zimamoto wataendelea kuja kumwondolea popo darini. Nikamwambia wataendelea. Akasema basi wana kura yake, kwa sababu marehemu mumewe popo alikuwa akiwakimbia. Jamaa mmoja wa Mtaa wa Kinu alidai polisi wamemwandikia faini tatu na sasa wanataka na nyumba yake. Nikamshauri aendeshe polepole, faini atakazookoa zitalipa kodi na chenji itabaki. Alicheka, akachukua kibango. Kila mlango nilimalizia kwa neno lile lile, mpaka watoto wa shule wakawa wakiniona wanapaza sauti, "Geuza, Bwana Virgil, geuza!"

Sasa gazeti limetoa picha yangu na kuandika kwamba mgawa barua mstaafu ndiye aliyeokoa Kituo cha Pili. Nimekuwekea kipande chake humu. Lakini kabla hujakibandika kwenye friji yako, geuza karatasi hii.

Noreen, mmoja wa wale thelathini na saba ni mimi.

Sikujua siku ile. Nilitoka kupiga kura chini ya kanisa la Methodisti na stika yangu ya mpiga kura kifuani, nikala donati, nikakupigia simu kukuambia nimetimiza wajibu. Ofisi ya uchaguzi ilipotangaza habari za karatasi zilizoachwa tupu nyuma, siku kumi baadaye, nilikuwa mezani na chai. Nikajaribu kukumbuka mkono wangu ukiigeuza ile karatasi, na sikukumbuka kwa sababu haukuigeuza. Kura moja tu ilitakiwa. Nilijua ulipokuwa ukifunga virago. Nilijua nilipokuwa barazani. Na ile siku dukani nilipomtukana Dwight, nilikuwa nimeshajua kwa kama miezi miwili. Nilihitaji mtu wa kumlaumu asiwe mimi, na yeye hakuwa na kibango.

Septemba nilifika mlango wake. Nilimaliza mitaa yote ya pembeni kwanza, nikiukwepa. Nikamweleza kila kitu pale pale ngazini, na kuhusu mtumbwi pia. Alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema alipiga kura ya ndiyo mwaka jana, ila hapendi kibango kimsemee uwanja wake. Kisha akaniambia, "Virgil, miaka thelathini na moja unasoma bahasha upande wa mbele. Hata siku moja hukuwahi kugeuza?" Nilitaka ardhi inimeze. Akaingia ndani, akarudi na kofia, akasema upande wa kusini wa mtaa atanisaidia yeye, mimi ninachosha watu kwa maneno. Jumanne hii karatasi zilizoachwa tupu upande wa nyuma zilikuwa mbili tu. Si yake, wala si yangu.

Bwana Ferris anaituma barua yake Jumatatu. Nimeharakisha hii itangulie, ili usirudi kwa kaka usiyemjua. Nilikuondolea kazi uliyoipenda, nikakuacha uamini ni mji uliokukataa. Mji haukukukataa, Noreen. Naomba unisamehe, na kama huwezi, rudi hata hivyo. Nusu ya watu 1,611 waliniuliza mlangoni kama ni kwa ajili ya Noreen, na sikupata kuwa na fahari kama hiyo maishani mwangu.

Dwight anakusalimu, na Bi Thelma na popo wake. Paka hakusalimu, amelala. Nijibu hata kwa neno moja. Popote utakapoliandika nitaliona, maana siku hizi kila karatasi naigeuza.

Kaka yako akupendaye,
Virgil