Mahindi ya Nadège

Jumatatu, 17 Machi 2025
Tena shambani, njia ya Kasenga. Nimefunua maganda. Funza wamekula ncha. Madoa ya kijivu yamepanda mpaka majani ya juu. Bwana yangu Célestin alisimama mpakani akitazama upande wa pili, shamba la Nadège, dada yake mdogo. Akasema lile liko kijani, muzuri sana. Langu hakulitazama. Mbegu tulinunua pamoja, soko moja.

Alhamisi, 20 Machi
Mama mkwe ameshinda kwa Nadège, anakula mahindi ya kuchoma. Kwangu alipita tu kuniambia nijikaze. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 22 Machi
Agronome, bwana shamba wa parokia, alitufundisha kubonyeza shina karibu na udongo. Likibonyea, limeoza ndani, litaanguka na upepo. Yangu mengine yanabonyea. Nitavuna mapema, nianike nyumbani Kampemba.

Kisha nikavuka mpaka. Nadège hakuwapo. Nilikwenda kutafuta ugonjwa, na niliupata. Amebananisha mashina, mbolea amemwaga bila kipimo. Juu kijani, chini laini kama ndizi mbivu. Nikasukuma moja. Likalala, halikurudi.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo.

Jumatano, 26 Machi
Nimemwambia Nadège avune sasa. Si kwa wema. Nilitaka asikie kutoka kwangu, mbele ya Célestin. Nadège anataka mahindi yakauke yakiwa yamesimama, mpaka Mei.

Akanijibu polepole, akiniita Ya kwa heshima ya dada mkubwa: “Ya Julie, ile iko wivu tu. Shamba yangu inakuuma.”

Kweli inaniuma. Na mashina yake kweli yameoza.

Jumapili, 30 Machi
Sikwenda misa. Nimevuna. Célestin alikuja baada ya misa, bado na shati nyeupe, akabeba magunia. Mahindi yenye ukungu wa pinki nimetenga. Hata kuku sitawapa. Mikono imevimba.

Jumamosi, 5 Aprili
Jana mchana mvua na upepo mkali. Leo asubuhi tumekwenda sote.

Shamba la Nadège limelala. Karibu lote. Yeye ameketi kwenye matope na kitenge chake kizuri. Siku zote hizi nilikuwa na neno tayari la kumwambia. Nikachukua gunia, nikainama.

Tumeokota mpaka jua limekuwa kali. Yaliyolala majini yataoza. Mengine yatapona tukiyaanika haraka. Nadège anaokota upesi kuliko mimi. Célestin akasema dada yake anajua kazi. Hata leo. Nusura nimtupie hindi.

Tulipobaki wawili, Nadège alisema bila kunitazama: “Uliniambia.”

“Nilikuambia na roho mubaya.”

“Najua. Lakini uliniambia.”

Jumanne, 8 Aprili
Mahindi yake yako uani kwangu, kwenye bâche yangu, turubai la plastiki, kwa sababu kwake maji yanatuama. Majirani wanapita wanasifu: punje kubwa, kubwa. Wanadhani ni yangu. Sikuwasahihisha wote.

Jumapili, 27 Aprili
Bukari ya kwanza, ugali wa unga mpya. Wangu. Mama mkwe alikula, akaongeza. Akasema iko tamu. Nikangoja aseme lingine.

Akauliza kama Nadège amekula.

Nikakata bonge, nikalifunika kwa sahani, nikampelekea mwenyewe. Lilifika bado la moto.