Tovuti ya Ndagala Zako, Yaya

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Yaya wangu Mapendo, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia wewe, na Mama, na watoto wote wa hapo Zongwe. Munaamkaje? Goti la Mama linamuacha afike mwenyewe kwenye maji, ama bado anatekewa? Na kile kikohozi chako cha moshi? Unijibu moja moja, usiniandikie tena "tuko wazima" tupu, maana neno hilo linanipa mawazo. Sisi hapa tunapumua. Papa Riziki anafanya kazi bandarini siku ile kazi inapatikana, Riziki amemaliza mitihani, na mimi silali tangu barua yako ifike.

Uliandika kwamba mufanyabiashara aliyekuwa anachukua ndagala zetu hatapita tena, na kwamba mwezi huu ukiisha bila mununuzi mwingine utavunja vichanja, uuze miti na nyavu, uende kulima Niemba kwa shemeji. Yaya, niliisoma mara tatu. Vichanja vile ulivijenga kwa mikono yako. Wenzako wanaanika kwenye mchanga na kukucheka unavyojisumbua, lakini ndagala zako hazilizi mchanga kwenye meno. Basi soma hii mpaka mwisho mbele ya kugusa musumari hata mumoja.

Nimetutengenezea mahali petu kwenye internet. Wenye kusoma hapa wanaita siti, redio za Kigoma zinasema tovuti, kama vile ndagala wao wanasema dagaa. Muntu yeyote mwenye telefone, hata akiwa Lubumbashi, anafungua na kuona ndagala zako. Nimeifanya mimi, niliyeishia mwaka wa tatu wa shule ya musingi. Cheka kwanza, Papa Riziki naye alicheka.

Nilianza kwa papa mumoja wa komputa. Akanitajia bei ya mbuzi wawili. Nikamwambia, "Papa, mbuzi wawili napikia harusi." Nikatoka. Ndipo Mama Sifa, yule mwenye mashine ya fotokopi karibu na soko, akaniambia, "Mama Riziki, telefone yako inatosha. Kuna mahali wanakupa bure. Jina litakuwa refu, na wataweka matangazo yao chini, basi. Wewe utanunua mega tu." Mega ni ile internet ya telefone, unainunua kidogo kidogo kama sukari. Kila nilipokwenda kujifunza nilimubebea kopo moja la ndagala, naye akazima mashine yake tukakaa.

Yaya, niliteseka. Kidole changu kikubwa kinagusa herufi tatu mara moja. Siku moja nilifuta kazi yote ya wiki, nikakaa pale na machozi, Mama Sifa akasema, "Haijafa, mama, iko pale nyuma," akabonyeza mahali, ikarudi. Picha ya kwanza nilitandika kitenge changu cha Pasaka juani, nikamwaga ndagala, nikapiga. Nzuri kabisa, isipokuwa miguu yangu ilikuwa ndani na ndala za bafu. Nikarudia mara tisa.

Halafu nikaandika maneno. Mimi najua kuandika barua tu, kwa hiyo nikaanza na salamu. Nikawasalimia wapapa na wamama, nikauliza watoto, nikawapa pole wenye matanga, nikawauliza mvua kwao. Ndagala zilikuja chini kabisa. Mama Sifa alipoona akashika kichwa. "Mama, muntu anatafuta samaki, unamuuliza mvua?" Nikamwambia sitaingia nyumbani mwa muntu nikiita bei mulangoni.

Wiki ya kwanza ujumbe ukaja, nikaufungua mbio. Kumbe watu wanajibu salamu. "Sisi wazima, mama, na ninyi?" Hakuna hata mumoja aliyetaja samaki. Papa Riziki akasema, "Umefungua duka la kuulizana habari." Mama mumoja wa Lubumbashi akaandika kwamba kwao mvua hakuna, lakini mutoto wake anakohoa siku ya nne. Unanijua, sikutulia. Nikamuuliza kila siku: amekula? amepelekwa dispensari? Mega zangu zikaisha kwa kikohozi cha mutoto nisiyemujua, na mwezi wako unakwenda.

Nikakubali sasa. Nikapandisha ndagala juu, nikaandika kwa herufi kubwa: ZIMEKAUSHWA KWENYE VICHANJA, HAZINA MCHANGA. Salamu nikazishusha chini, ila sikuzifuta.

Juzi yule mama akaandika: "Mutoto amepona, Mungu akubariki. Sasa tuongee ndagala. Mimi nauza sokoni, na wateja wamechoka na mchanga. Hazina kweli?" Nikamwambia, "Mama, nikikudanganya, mutoto wako asiniite shangazi." Anataka magunia sita, na mengine kila mwezi kama haya yatamupendeza. Niliogopa matapeli, Mama Sifa naye akanikataza kutuma kitu mbele ya kuona malipo. Jana nusu ya pesa imefika. Nimeiona na macho yangu. Magunia yatapanda treni hapa.

Kwa hiyo vichanja visivunjwe. Kile ulichoniandikia kwamba kimeanguka ukisimamishe, maana magunia sita ni mengi.

Tena jambo moja. Chini kabisa ya tovuti, mahali wanaandika mwenye kazi, Mama Sifa alitaka niweke jina langu. Nikakumbuka mwaka ule minerval, ile pesa ya shule, ilitosha mutoto mumoja, ukanipa daftari lako, ukaenda kuanika na Mama. Nimeandika: Kazi ya Mapendo wa Zongwe. Umuombe mwalimu apande nawe kule kilimani reseau ya telefone inaposhika, akufungulie usome na macho yako. Jina la tovuti nimeliandika nyuma ya bahasha.

Munisalimie Mama na goti lake, shemeji wa Niemba, umwambie jembe alilokuwekea ampe muntu mwingine, na mama katekista aliyekuwa anakucheka kuliko wote. Huyo umusalimie mara mbili.

Mimi mudogo wako mwenye tovuti,
Mama Riziki