Neno Nililolificha Hemani

Ukunda

Mama mpendwa,

Shikamoo. Je, goti limepoa? Na mahindi mmeshayavuna, au mvua ya Kitale bado haijawaachia? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimechelewa kukujibu.

Ulisikia redioni habari za fujo zilizotupata huku sisi watu wa bara, mwaka huu wa uchaguzi. Wageni walikimbia, hoteli ikafungwa, nami nikahamia uwanja wa kanisa pamoja na waliochomewa nyumba. Akaja daktari mmoja Mzungu, akapiga hema la kututibia, mama mwenye huruma, lakini Kiswahili hajui hata cha salamu. Kwa kuwa nilikuwa mapokezi hotelini na Kiingereza nakijua, niliombwa nimtafsirie. Yuko pia muuguzi Mdigo kutoka Msambweni, Bi Mwanamisi. Mwanzoni wengine walikataa kuguswa naye, kwa kuwa waliotushambulia walisemekana ni wa kabila lake. Alikuja kila siku vilevile.

Siku moja Bi Mwanamisi alikuwa amekwenda kwao kutafuta leso za kuwagawia akina mama waliotoroka na nguo moja mwilini. Akaingia hemani Mama Kalondu, Mkamba aliyekuwa akiniuzia sukuma wiki. Alikuwa amefika asubuhi ile kutoka shambani kwake. Hakutaka kukaa. Alisema amesimama, macho chini: "Walikuwa watatu. Waliniingilia, mmoja baada ya mwingine."

Mama, nililisikia neno hilo sawasawa. Lakini wanaume walikuwa wamepanga foleni nje ya turubai, na mimi tangu utotoni sijawahi kutamka jambo la namna hiyo mbele ya mtu. Nikadhani namsitiri. Nikamwambia daktari, "Amepigwa na watu watatu." Daktari akamfunga kidonda cha mkono, akampa dawa ya maumivu, akamshika bega. Basi.

Baada ya wiki tano alirudi, amekonda, ana homa na tumbo linamuuma, hedhi hajaiona. Bi Mwanamisi akawatoa watu wote, akakaa naye mkekani, akamuuliza taratibu, "Dada, walikulazimisha?"

"Nilisema siku ileile," akajibu. "Nilimwambia huyu."

Wote wawili wakanitazama. Daktari akauliza kuna nini. Safari hii nilimweleza kila kitu, pamoja na kosa langu. Hakunigombeza. Alisema vidonge vya kuzuia mimba vilikuwemo sandukuni siku ile, lakini hufaa siku chache za mwanzo tu. Na hayo pia ilinibidi nimtafsirie Mama Kalondu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alilazwa Msambweni, wakamtunza, homa ikaisha. Mimba ipo. Mumewe yuko Kitui na hajui. Jumatatu alipanda basi kwenda kwao. Nilimbebea mzigo hadi stendi, nikamwomba msamaha, nikamwambia nitamwandikia mumewe nimweleze kwamba yeye hana kosa.

"Sikuchukii," akasema. "Lakini usinisemee tena."

Nilibaki pale stendi hadi watu wakaanza kuniuliza naenda wapi.

Umeniita nirudi nyumbani, na begi nilikuwa nimeshalifunga. Nilimwambia Bi Mwanamisi atafute mkalimani mwingine. Akanijibu, "Mwengine naye atakuja hajui. Weye ushajua." Nikalifungua begi. Wiki hii wamekuja wanawake wawili. Nimeyasema maneno yao yalivyo, wakapewa dawa. Sura ya Mama Kalondu haijaniondoka hata hivyo, na sidhani itaniondoka.

Nisalimie baba mdogo anayekukamulia ng'ombe, na shangazi wa kwaya, mwambie aniombee. Msalimie sana mdogo wangu Nafula. Barua hii usiisome kwa sauti mbele ya wageni. Lakini Nafula mpe, aisome mwenyewe, yote.

Ni mimi binti yako,
Nekesa