Nyota Tano kwa Sungura Asiyelala

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu imepunguza kuuma? Sisi wazima, ila kikohozi cha Kitumbo kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, na mimi nasinzia nimesimama.

Kazi ya maktaba naipenda. Siku hizi orodha yetu ya vitabu iko mtandaoni, na msomaji yeyote anaweza kuandika muhtasari na maoni chini ya kitabu. Mimi naandikia vya watoto, kwa jina la Mama Usingizi, maana ndio ninaokosa. Tafuta kwenye simu ya jirani, utacheka. Lakini cheka kimoyomoyo, Mama. Baba yake Kitumbo aliapa kumchukua mtoto, na simu yangu sikuitupa kwa mchezo. Anayejua tulipo ni wewe tu.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile, mmoja unauma, wa pili unaona wivu.

Nimekusoma mpaka simu ya jirani ikazima. Kile cha sungura asiyelala nimekipa nyota tano, nikaandika: “Hongera binti yangu. Kitumbo kapona kikohozi? Mpake mafuta kifuani.” Barua zinakawia, kule unasoma leo leo. Mji sikutaja, sina wazimu. Na watu wana adabu: mwalimu mmoja kaniamkia, kauliza kitabu kiko tawi gani, awasomee wanafunzi. Jirani akirudi safari nitamjibu.

Mama

27 Machi

Mama, shikamoo. Nisamehe salamu fupi.

Usimjibu. Si mwalimu, ni yeye. Jina la Kitumbo ndilo lililomleta. Amepita kila kitabu nilichoandikia, na chini ya sungura ameandika: “Mtoto asiyelala atolewe nje, mlango ufungwe.” Unajua ni maneno ya nani, na nani alimwokota Kitumbo kibarazani asubuhi ile. Nimemwomba msimamizi afute. Anasema maoni ni ya msomaji, hayafutwi mpaka kikao kikae.

Sikulaumu, ulikuwa unampenda mjukuu wako. Ila nakukataza, mzazi kwa mzazi: usiandike neno tena kule. Wiki ijayo tunahama. Nijibu kwa barua tu.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo? Kitumbo hajambo? Barua yako imenikuta nimeshajibu. Nilidhani mwalimu hana hila. Nikamwambia ni tawi la karibu na kituo cha treni, na kwamba binti yangu hutokea mlango wa nyuma jioni, mtoto mgongoni, amsalimie.

Jirani amejaribu kufuta, imekataa. Nimepiga simu maktaba. Wanasema hujaonekana tangu juzi, huenda umehama. Nami nashika hilo hilo, umehama.

Leo chini ya sungura kuna neno jipya. Ni yule yule, na nyota zake tano: “Asante, Bibi. Nimefika.”

Niandikie, mwanangu, hata mstari mmoja wa kunigombeza.

Mama