Mashine Uliyomletea Baba

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza kulalamika, maana nikishaanza sitakumbuka tena kukusalimia. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakibembeleza kwa chai tu badala ya kwenda hospitali? Shemeji yako hajambo. Wapwa zako hawajambo, ila yule mdogo kang'oka jino na analionyesha kwa kila apitaye mlangoni. Mimi nipo. Nikikuambia mzima nitakuwa nimekudanganya, na barua hii naiandika ili niache kukudanganya.

Utashangaa naandika kama watu wa zamani. Simu zako zote unapiga Baba akiwa pembeni, na masikio yake bado ni ya kijana. Na nikiandika ujumbe wa simu, vidole vyangu hufupisha mambo. Haya hayafupishiki. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa zote nikutumie.

Uliniuliza ile mashine ya mazoezi ikoje, kwa kuwa mwenzako wa kazini anataka kumnunulia baba yake ya aina hiyo hiyo. Ukasema niseme kweli, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya, kaa kitako.

Chuma chake ni kizuri, sina la kusema. Reli zile mbili hazijapinda, na magurudumu ya ubao hayapigi kelele tangu shemeji yako ayatie mafuta ya cherehani yangu bila hata kuniomba. Godoro lake ndilo la ovyo. Lilichanika pembeni mapema tu, nikalivalisha kitambaa cha mapazia, sasa lina maua. Kwenye boksi wameandika kwamba inakunjwa na kusukumwa chini ya kitanda. Labda kitanda cha tembo! Tangu iingie haijatoka katikati ya chumba. Cherehani ilihamia koridoni, na wateja wangu wakawa wanapimwa viuno wakiwa wamesimama mlangoni kama wanaodai. Shemeji yako naye, pamoja na ufundi wake wote wa magari, alipomaliza kuifunga alibaki na nati kadhaa mkononi. Eti za akiba. Nikapanda mimi kwanza kabla ya Baba, nikasema ikianguka ianguke na mimi.

Namna inavyofanya kazi, mwambie mwenzako hivi. Haina vyuma vya kuongeza. Unalala chali juu ya ubao, unakanyaga bamba la chini, unasukuma kwa miguu, na ubao unapanda reli ukiwa umekubeba. Mzigo ni mwili wako mwenyewe. Ile nguzo ya mbele ina matundu. Ukiichomeka pini tundu la juu zaidi, reli inainuka na kazi inakuwa ngumu zaidi. Basi. Mtoto anaielewa. Sisi watu wazima ndio haikutuingia kichwani.

Unakumbuka ilipofika Baba alikuwa ametoka kuungwa nyonga baada ya kuteleza bafuni. Yule dada wa mazoezi wa hospitalini alisema miguu isiposukuma kila siku, mzee hatasimama tena. Kumlaza tu juu ya ubao tulikuwa watatu: mimi, shemeji yako, na jirani yeyote aliyekutwa na bahati mbaya ya kupita. Baba anatutukana kwamba hata gunia hubebwa kwa heshima kuliko hivyo. Mwanzoni ubao haukusogea hata kidogo, na tundu lenyewe ni la chini kabisa. Alilia, Bonge. Sikuwahi kukuambia.

Halafu siku moja ubao ukasogea. Tukapanda tundu la pili. Tukapanda la tatu. Ukawa unapiga simu kila Ijumaa, tunakuonyesha, unapiga makofi mpaka simu yako inaanguka. Shangazi akaanza kumtafutia viatu vipya vya kutembelea. Nyumba hii ilikuwa haijacheka hivyo tangu Mama atutoke.

Wakati huo huo Baba anaacha chakula. Alisema dawa zimemharibia ulimi, nasi tukakubali. Na mimi, mdogo wangu, mimi ninayekula kwa kupima viuno vya watu, nilipunguza kiuno cha suruali zake, baadaye nikapunguza tena, nikamtania kwamba kitambi kinakimbia mazoezi. Wahenga wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa na futi yangu mwenyewe na bado sikutazama.

Dada wa mazoezi alikuwa likizo muda mrefu. Aliporudi alimkuta Baba yuko tundu la tano, anateleza juu na chini kama anabembea. Mimi najishaua pale mbele utafikiri nimemzaa. Yule dada akatabasamu kidogo, akamshika Baba paja, na tabasamu likaisha. Akaenda kwenye gari akaleta mizani. Akamsimamisha juu yake, tumemshika huku na huku. Akasoma, akafungua faili lake, akasoma tena. Akalifunga faili taratibu, na mimi nikajua.

Nguvu za Baba hazikuongezeka, Bonge. Baba ndiye aliyepungua. Mzigo ulikuwa unaisha juu ya ubao ule, na sisi kila ulipopungua tulipandisha pini na kushangilia.

Hospitali wamempima. Ni saratani ya tumbo, na imeshafika kwenye ini. Daktari hakuzungukazunguka: upasuaji hautasaidia kitu. Ametupa dawa za maumivu na kutuambia tukae naye. Hakusema ni kwa muda gani, nami sikuthubutu kuuliza.

Jambo linaloniua zaidi ni kwamba Baba alijua. Umri wake wote kapima magunia pale ghalani, ungetegemea nini? Tuliporudi nilimwangukia miguuni nikilia, yeye akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Gunia likiinuliwa kirahisi, mwanangu, usimsifu mchukuzi. Tafuta tobo." Amejua tangu tundu la tatu! Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa anayasikia makofi yako, na hakutaka uache kupiga. Kisha akaniapisha nisikuambie mpaka umalize mkataba wako wa kazi. Nikaapa. Leo ninavunja kiapo mbele yake, anadhani naandika oda za wateja. Akinisamehe sawa, asiponisamehe nitabeba.

Kwa hiyo mjibu mwenzako kwamba mashine ni nzuri. Haijatudanganya hata siku moja, tulijidanganya wenyewe. Ila akimnunulia baba yake, anunue na mizani, na apatikane mtu wa kumtazama mzee mwenyewe, si kutazama matundu. Usidhani nakurushia jiwe. Wewe ulikuwa mbali. Mimi nilikuwa humu humu chumbani, na futi shingoni.

Nimechoka, mdogo wangu. Maji yamezidi unga. Asubuhi naamka nikiwa nimeshachoka, nashona mikono ya nguo kinyume, nafumua, nashona tena. Wateja wananiuliza nina nini, nasema mafua. Sina tumaini hata la kukukopesha, na sitajifanya ninalo.

Nakujua, ukishtuka unanunua. Hapa ulipofika kusoma umeshaanza kutafuta kiti cha magurudumu. Acha! Usitume kiti, usitume godoro la maji, usitume vidonge vya nguvu vya yule rafiki yako anayeviuza. Safari hii nunua tiketi tu. Mkataba utakusubiri au usikusubiri, ni mkataba.

Mashine bado anaitaka. Tumeing'oa pini, tumeishusha mpaka chini kabisa, nami nimerudisha cherehani chumbani. Analala juu ya maua yake ya mapazia akitazama dirishani, na mimi nikishona namsukuma kwa mkono, ubao unakwenda na kurudi polepole. Anasema nyonga haimuumi akiwa pale. Hayo ndiyo mazoezi yetu ya sasa.

Leo asubuhi shemeji yako alikuwa ameshaondoka, na jirani hakupita. Nikamtoa Baba kitandani peke yangu. Mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni, nikavuka naye chumba kizima bila kupumzika. Ndivyo nilivyokuwa nikikubeba wewe kukupeleka kuoga, ulipokuwa ukikataa kutembea na Mama akaanza kukuita Bonge. Naapa, Bonge, wewe ulikuwa mzito zaidi.

Shangazi anakusalimu; vile viatu amekataa kuvirudisha dukani, ameviweka chini ya kitanda cha Baba. Shemeji yako anakusalimu, na wapwa zako wanauliza mjomba anakuja lini. Baba hakutumii salamu kwa kuwa hajui kama nakuandikia, ila sasa hivi kaniuliza leo ni siku gani. Anahesabu kuelekea Ijumaa yako.

Mungu akulinde njiani, na akufikishe Baba angali anaijua sura yako.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekubeba.