Jina Lisiloombewa Rehema

Habaswein
Jumatatu, 14 Julai 2025
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo wa vumbi kutoka kusini, hakuna dalili ya mvua.

Kwa kaka yangu Yarow,

Assalamu alaikum. Naomba maneno haya yakukute ukiwa mzima, na umekula. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama analalamika magoti, lakini bado anaswali kwa kusimama. Malisho ya upande wa Tarbaj yamekwisha, na mifugo mingi imeletwa huku kufuata visima. Kwa kuwa hupokei simu zangu tangu Machi, naandika katika daftari langu kisha nitakutumia picha za kurasa. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Nilifika hapa Alhamisi kutoka Garissa. Adeer Rage, ndugu wa baba yetu, alikuwa ameuita ukoo mzima, kwa sababu Ijumaa hii, tarehe 18, Kadar wa ukoo wetu alikuwa aolewe na Batula. Samahani, mkono umeteleza, alikuwa amwoe Batula. Ndiyo, mkeo. Wazee waliona amekaa mjane vya kutosha, na mtoto arudi kwa watu wa baba yake. Batula hakukataa. Aliniambia Kadar ni mpole, na kwamba amechoka kuwa mgeni nyumbani kwa kaka zake kule Bute. Nilimwitikia tu, nikaendelea kuosha vikombe.

Sasa nikueleze habari za Daud. Mara ya mwisho nilimwona ana miaka minne. Leo ana saba, ni mrefu, na masikio ni yako yale yale. Siku ya kwanza alijificha nyuma ya mama yake. Siku ya pili nilikuwa nimekaa kivulini naandika, akaja taratibu, akasimama mbele yangu, shangazi yake, kama chifu aliyeleta taarifa. “Eddo,” akasema, “mbuzi anakula kiatu chako, na bado anaendelea.” Nilicheka mpaka daftari likaanguka. Aliuliza ninachoandika kila jioni ni nini, nikamwambia ni mambo yaliyotokea kweli, pamoja na saa yake. Akadai niandike na hilo. Basi limo: Ijumaa, saa kumi na moja kasorobo jioni, mbuzi mweusi, kandambili ya kushoto, shahidi Daud. Tangu hapo hakubanduka kwangu. Usiku aliuvuta mkeka wake akauweka kando ya wangu.

Lakini watoto wenzake hawakumwacha. Unawajua watoto wa hapa, mtoto wa miaka sita anakutajia baba zake mpaka wa kumi na tano bila kuvuta pumzi. Daud alijua jina lake na lako tu. Kwa wajomba zake nani angemfundisha ukoo wetu? Wakamwita Mawili, kwa sababu majina yake yaliishia kwenye mawili. Hakulia. Alikuja kuniuliza mtu anahitaji majina mangapi.

Jumamosi tukakaa kando ya ua wa miiba, tukapanga mawe kumi na mawili, jiwe kwa jina. Nilimfundisha pia sharti la Adeer, lile ambalo sisi tulizabwa makofi tulipolisahau: kila jina la marehemu lifuatwe na Mungu amrehemu. Kufikia magharibi alikuwa ameshika yote.

Jana baada ya alasiri wote walikuwa uani, wanaume kwenye mikeka, sisi karibu na chai. Adeer akamwita Daud asome majina na kusikilizwa na ukoo wake. Akasimama, mikono ameinyoosha mapajani. Daud. Yarow. Hilowle, Mungu amrehemu. Gedi, Mungu amrehemu. Alikwenda hivyo mpaka la kumi na mbili, na wale waliomwita Mawili wakahesabu kwa vidole.

Adeer alimsifu sana. Kisha akamwambia kwa upole kwamba amemruka baba yake, na mtoto ndiye wa kwanza kumwombea baba. Daud akatikisa kichwa.

“Eddo hakunifundisha hivyo,” alisema.

Watu walicheka. Mmoja akasema hayo ndiyo matokeo ya kufundishwa na mwanamke wa madaftari. Mimi ningeweza kucheka nao, kaka. Ilitosha kusema nimesahau. Lakini Daud alikuwa ananitazama, ameshaufungua mdomo arudie vizuri, na nikaona kwamba baada ya neno hilo Ijumaa itafika na hakuna atakayeizuia. Nilimshika mkono.

“Msimwombee,” nikasema. “Yu hai.”

Sitakuandikia kila kilichosemwa. Kadar alichukua viatu vyake akatoka. Mama alikaa chini pale pale alipokuwa. Batula aliuliza jambo moja tu, nimejua tangu lini. Nikamtajia tarehe, kwa kuwa tarehe zote ninazo: 9 Novemba 2022. Alihesabu, midomo ikicheza. Siku hiyo uliponipigia alikuwa katikati ya eda, amevaa nguo nyeupe, nami nikamwacha aimalize. Hajanisemesha mpaka sasa.

Adeer ndiye aliyenivunja. Alinisogelea, akauliza polepole, “Na Abdihafid wangu?” Nuru iliyokuwa usoni mwake sikuweza kuitazama. Nikamwambia yale uliyoniambia: kwamba chombo mlichopanda pamoja kilipopinduka baharini ulimshika shati mpaka shati likabaki peke yake mkononi. Nikamwambia pia kwamba ni wewe uliyemshawishi aondoke, na kwamba aibu hiyo ndiyo iliyokufanya ujihesabu kati ya waliozama. Kisha akasema wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona mwanawe, na amechoka kumzika bila habari. Anataka umweleze mwenyewe. Hakutaja kosa lako.

Kwa hiyo mpigie. Na kabla ya Alhamisi mpigie Batula, umwambie unarudi, au umpe talaka yake awe huru. Namba zako zote nimempa.

Limebaki moja, nalo ni langu. Nilikuahidi kunyamaza, na watu hapa wanaamini kwamba kutomfundisha mtoto dua yako kulikuwa usahaulifu tu. Nimefungua ukurasa wa Jumamosi. Dua niliiandika mbele ya jina lako, kisha nikaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Sikusahau, Yarow. Sikuwa na ujasiri wa kusema, nikamtuma mtoto wa miaka saba. Jana usiku aliniuliza kama alikosea. Nilimwambia hapana, lakini sikumwambia ni nani aliyekosea.

Mama anakusalimu, analia na anakusalimu. Wape salamu unaoishi nao. Mungu akulinde.

Dada yako,
Ilhan

Daud amelitoa jiwe lako kwenye safu, amelala nalo kiganjani. Kabla ya kulala alinitaka niandike hivi: Jumapili, saa tatu usiku, baba hajafa, shahidi Daud. Mimi nilipata usingizi saa tisa na robo.