Theluji Iliyotangazwa

Fisksätra, 2 Februari 2026

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza ugomvi. Sisi huku hatujambo. Inès anakua mpaka inatia hasira, viatu vya Desemba tayari vinambana. Naandika kama ulivyonifundisha, tarehe juu na jina chini, ingawa barua yenyewe inakufikia kwa simu. Najua nikikutumia vijineno viwili vitatu utasema mwanao amekuwa Mzungu.

Mama, zimebaki wiki mbili tu! Tarehe kumi na saba utakuwa kwangu, uso kwa uso na mjukuu wa miaka saba ambaye hujawahi kumshika. Nikiwaza hivyo pale jikoni shuleni ninakopika, naunguza mchuzi wa watoto wa watu. Usianze tena habari za baridi. Koti lako liko tayari, limening'inia mlangoni, na Inès hulisalimia akipita.

Jipya la huku ni dhoruba ya theluji. Wametabiri itafika Jumatano, na leo mkuu wa shule ametuita kutuambia kwamba shule zote za mji zinafungwa Jumatano mpaka Ijumaa. Waswidi wenyewe wameshangaa, maana huku theluji haijawahi kumzuia mtoto kwenda darasani. Tumeambiwa tukae ndani, tuweke maji, mishumaa, redio ya betri na chakula cha siku kadhaa. Treni yetu ndogo ya kwenda mjini itasimama. Nilipopita dukani mkate ulikuwa umekwisha, na watu wanasukuma vitoroli vyao kimya kimya.

Inès anacheza nyumba nzima kwa furaha. Mimi nimesimama dirishani. Anga limekuwa na rangi ya maziwa, hakuna upepo, hakuna ndege, na maji ya ghuba yameganda yakalala. Kumekuwa kuzuri mpaka mtu anaogopa kukohoa. Natamani ungekuwa umeshafika, tukaangalia wote.

Nakukumbatia,
Binti yako, Emérithe


Kigoma, 3 Februari 2026

Mwanangu Emérithe, Mama Inès,

Marahaba. Mimi mzima. Goti ni goti la mzee, tuliache. Nyumbani kote salama, na mdogo wako Léonidas anakusalimu kutoka Kasulu.

Barua yako nimeisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Mwanangu, usinifiche.

Wewe ulikuwa na miaka sita, huenda umesahau. Mimi sijasahau. Bwiza, mtaani kwetu kabla hatujawa wakimbizi, ile Oktoba ya vita, mwalimu wenu aliwarudisha nyumbani asubuhi akasema bomba la shule limepasuka. Bomba! Redio ikapiga muziki kutwa. Mkate ukaisha madukani, na watu walikuwa wananunua bila kusalimiana. Anga nalo likawa zuri vile vile unavyolisifu wewe. Giza lilipoingia tukatoka kwa mlango wa nyuma, na nyumba ile sikuiona tena.

Leo unaniambia wakubwa wamefunga shule kabla jambo halijatokea, wamewaagiza muweke maji na mishumaa, mkae ndani, treni zisimame, eti kwa sababu ya barafu! Huku mvua inanyesha mpaka inabeba madaraja, na hakuna aliyewahi kuitangazia siku. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Sasa sikiliza. Inès alale na nguo zake. Viatu avae, na kamba zifungwe. Hati zote uzifunge kifuani, si kwenye mkoba, mkoba huporwa. Chumvi usisahau, watu husahau chumvi kisha wanajuta. Kama kuna jirani unayemwamini, kubalianeni mtakutana wapi mkipotezana.

Na safari yangu tuiache. Nimekimbia mara mbili, sina miguu ya mara ya tatu. Rudini ninyi. Chumba cha mbele nimekipaka chokaa. Wala usinipigie simu, kwa sauti unajua kunibembeleza. Niandikie. Mtu akiandika huona aibu kudanganya.

Mama yako anayekesha,
Victoire


Fisksätra, 4 Februari 2026

Mama yangu,

Shikamoo. Tuko wazima. Narudia ili usome bila kuvua miwani: tuko wazima, mimi na Inès, hakuna aliyeguswa. Natumaini wewe umepata usingizi hata kidogo, na kama hukupata, pole sana, kosa ni langu.

Barua yako nimeiona jioni hii. Nilipofika kwenye chumvi nikacheka, kisha kicheko kikageuka. Mama, ni theluji. Naapa kwa kaburi la Baba, ni theluji tu. Ilianza asubuhi, chembe moja moja, bila haraka, kisha ikamiminika mpaka jengo la ng'ambo likafutika. Magari yamekuwa vichuguu vyeupe. Hakuna sauti, hata ya kiatu. Ukifungua dirisha ukanyoosha mkono, inatua kiganjani, inakaa kidogo, inakuwa maji. Nimefanya hivyo mara nyingi leo, mtu mzima mimi, mpaka mkono ukafa ganzi.

Mwaura, yule jirani Mkenya wa ghorofa ya chini niliyekuambia, alipandisha watoto wake kwangu kwa sababu mkewe ni muuguzi na amebaki hospitalini. Nimewapikia wote wali na maharage. Nawaita kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiswidi, lakini sahani wanarudisha tupu kwa lugha zote. Nilipomsimulia Mwaura unavyodhani kuna vita, akasema, "Aki Mama Inès, kama ni vita basi adui anatupiga na pamba." Nimeandika ili ucheke.

Ila kuna jambo sikumwambia Mwaura. Huku saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Watoto wake walikuwa wameshuka, Inès anachora, mimi nasinzia kwenye kiti. Magari makubwa ya kusukuma theluji yakapita chini. Mama, yananguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, na taa zao za rangi ya chungwa zikazunguka darini. Sikuwaza chochote. Niliposhtuka nilikuwa nimepiga magoti karibu na mlango, namfunga Inès kamba za viatu. Hati zetu zilikuwa ndani ya blauzi yangu. Na barua yako nilikuwa bado sijaifungua! Hakuna aliyeniagiza.

Inès akaniuliza tunakwenda wapi. Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza kama tunakwenda dukani. Sikuwa na jibu. Nilimvua viatu, nikamwambia nilikuwa naota, na nadhani kweli nilikuwa naota. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Njoo, Mama. Sikuombi kwa sababu huku ni salama, ingawa ni salama. Nakuomba kwa sababu ninaogopa, na sijui kuogopa bila wewe.

Mwanao, Emérithe


Fisksätra, 9 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima. Mbona kimya?

Nimevunja amri yako, nimekupigia. Simu haipatikani. Nimempigia Léonidas, naye anasema yuko Kasulu na hajui, lakini anajibu upesi upesi kama mtu anayeficha pipi mdomoni. Kama umeumwa, niambieni. Kama umekasirika, nikaripie.

Shule zimefunguliwa leo. Dhoruba imepita, jua limetoka, na mji mzima unameremeta mpaka macho yanatoa machozi. Kwenye uwanja wa shule watoto wamechimba mapango ndani ya theluji. Wanaingia huko, sauti zao zinatokea chini ya ardhi, halafu kofia moja inachomoza mahali usipotegemea. Nimesimama na mwiko mkononi nikiwatazama mpaka mwenzangu wa jikoni akaja kunivuta. Kwa muda mfupi sikujua niko nchi gani, na haikunisumbua.

Usipotaka kuja, sitakulaumu. Viza itaisha, koti nitampa mtu. Nimejifunza kuyasema haya kwa sauti nikiwa njiani kwenda kazini, na bado yananikwama. Nijibu hata neno moja, Mama. Inès anauliza kama huko kwa bibi nako kumefungwa.

Mwanao anayekungoja, Emérithe


Addis Ababa, uwanja wa ndege, 12 Februari 2026

Mwanangu, Mama Inès,

Natumaini mmeamka salama. Mimi mzima, ila shingo inaniuma kwa kulala kwenye kiti cha chuma. Léonidas msamehe, nilimwapisha.

Barua yako ya dhoruba niliisoma nikakaa chini uani mpaka kuku wakanizoea. Uliponiuliza wewe kule Bwiza, mkono wako mkononi mwangu, "Mama, tunakwenda wapi?" mimi pia sikuwa na jibu. Nilikubana tu vidole. Miaka yote nimejiona mama aliyeshindwa kumjibu mtoto. Sasa unaniandikia kwamba hujui kuogopa bila mimi. Basi kumbe vile vidole vilitosha.

Siku ya Ijumaa nilipanda treni. Simu iliisha chaji kabla ya Tabora. Dar nilifikia kwa shangazi yako Adrienne, akanipeleka ofisi ya tiketi, wakaniwahishia safari. Ningeweza kukuandikia kutoka kwake. Sikutaka. Niliona nikikuahidi halafu nikageuka mlangoni mwa ndege, utaumia zaidi kuliko kwa kimya. Kwanza nilitaka nione kama miguu itapanda. Imepanda, nikiwa nimefumba macho, na mama mmoja wa Kihindi amenishika bega.

Huko juu sikulala wala sikuwa macho. Mawingu yalikuwa chini yetu, meupe, yametanda bila mwisho, nami nikasema kumbe ndiyo hiyo theluji yao, ninaivuka. Nikakuona umesimama katikati yake na miaka sita, na kando yako mtoto mwingine nisiyemjua, na wote wawili hamkuwa mnakimbia. Nilipokuja kuzinduka tulikuwa tumetua, watu wanapiga makofi.

Chumvi nimeleta, kwa kuwa hukunijibu kuhusu chumvi. Na ile dhoruba bado siiamini sawasawa, nitaikagua mwenyewe.

Ndege inafika kwenu kesho asubuhi. Najua ni Ijumaa, siku ya shule, na ni mimi niliyekulea kwamba mtoto hakosi darasa labda awe kitandani na homa. Kesho Inès asiende. Mwalimu wake akiuliza, mtajie jina langu. Mje wote wawili, mkae mahali nitakapowaona mara tu mlango ukifunguka, maana sitaweza kutafuta.

Usiniulize kama naogopa. Naogopa sana, mwanangu. Nakuja hivyo hivyo.

Mama yako,
Victoire